Magadi Si Chumvi

Binti wa kaka yangu ni nesi. Anafanya kazi katika hospitali kubwa, kwenye wodi ya watoto ambao figo zao zimekataa kazi na damu yao inasafishwa kwa mashine. Kila akija Shinyanga kunisalimia, tukishamaliza shikamoo na marahaba, ananisimulia habari za wodi yake. Mimi namsikiliza kwa wivu kidogo, maana katika ujana wangu mashine hiyo niliiona mara moja tu, nayo ilikuwa picha kitabuni. Safari iliyopita alisema jambo lililonifanya niweke kikombe chini.

"Shangazi, watu wanadhani hawa watoto wanamalizwa na figo. Wengi wanamalizwa na moyo. Presha inapanda, moyo unasukuma mpaka unachoka, na ukishachoka mashine nayo inakosa la kufanya. Mimi kila siku nagombana na mama zao juu ya chumvi."

"Na magadi je? Umewauliza?"

Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana wanatutazamia sisi wazee. "Magadi? Magadi si chumvi, shangazi."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mtoto wa watu alidhani nimepagawa. Nikamwambia kaa chini, nikusimulie kisa cha presha ya mtoto mmoja, na cha nesi mmoja mjinga aliyekuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nesi wa wodi ya watoto katika hospitali ya misheni upande wa Bukombe, si mbali sana na kwetu Runzewe. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na nilikuwa mkali. Sitajisingizia upole kwa kuwa nimezeeka. Niligombeza wagonjwa, niligombeza wauguzaji wao, niligombeza hata kuku walioingia barazani. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Pilipili. Nilikuwa najua, na kusema kweli nilijivunia.

Siku moja msimu wa pamba lori lilishusha mama mmoja getini, amembeba msichana wa miaka saba hivi. Walikuwa wametoka upande wa Kharumwa, siku mbili njiani, kwanza kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kisha juu ya marobota. Uso wa yule mtoto ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki vijistari viwili. Miguu ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mama yake alisema mwanzoni walifurahi, walidhani amenenepa.

"Mwangaluka, nesi," alinisalimia, amepiga goti moja kama ilivyo desturi ya Wasukuma, mtoto bado mgongoni. "Mwanangu anakojoa chai."

Ni kweli, mkojo ulikuwa mchache na rangi yake ni chai iliyokolea. Kwenye miguu yake niliona makovu mabichi ya upele. Alikuwa anapumua haraka, mdomo wazi, na ukimlaza chali analia ainuliwe akae.

Nikampima presha. Wodi nzima ilikuwa na kipimo kimoja, kisanduku kirefu chenye bomba la zebaki, na mkanda mmoja wa kufunga mkononi, wa mtu mzima. Mkono wa yule mtoto ulikuwa kama mchi wa kutwangia vitunguu saumu, na ule mkanda uliufunika wote kutoka kwapani mpaka chini ya kiwiko. Nikapuliza, nikasikiliza, nikaandika kwenye karatasi yake kwa mwandiko mzuri: kawaida. Tena nilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Daktari wetu alikuwa mtawa, mwanamke mrefu aliyekuja kutoka Ulaya kabla mimi sijajua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Alisoma ile karatasi yangu, akamtazama mtoto anavyohema, akaninyanyulia mkanda mbele ya uso.

"Nesi, wewe umepima mkono, au umepima mkanda?"

Akanieleza. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba ni mwongo, unakuonyesha presha ya chini kuliko ilivyo. Mtoto anataka mkanda wa kitoto. Tulikuwa nao? Hatukuwa nao. Ungeagizwa, ungefika baada ya miezi, na mtoto hakuwa na miezi ya kungoja.

Basi tukautengeneza. Palikuwa na mkanda mmoja uliochakaa stoo. Tukautoa mpira wake wa ndani, tukaukata, tukauziba kwa solusheni ya kuzibia tyubu za baiskeli. Wa kwanza ulivuja kwa sauti iliyofanya watoto wote wacheke. Wa pili ukashika hewa. Nikaupeleka kwa fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake kwenye baraza la duka la Mhindi, nikamwomba aushonee mfuko wa khaki mwembamba wenye mikia miwili ya kufungia. Aliugeuza huku na huku.

"Hii ni suruali ya sungura?"

"Shona, baba, usiniulize."

"Pilipili," alisema, na akashona.

Mchana ule ule nikamfunga mtoto ule mkanda mpya. Ulimkaa sawasawa. Nikapuliza zebaki ikapanda, nikaanza kuishusha polepole, na mapigo yakaanza kugonga masikioni mwangu juu kabisa, mahali ambapo nilizoea kuyasikia kwa wazee waliokwisha kupooza upande mmoja. Nikarudia. Yakagonga pale pale. Nilifuta lile neno langu "kawaida" mpaka karatasi ikatoboka.

Daktari alituita mimi na mama wa mtoto, akatukalisha kwenye benchi. Akasema figo za mtoto zimevimba kwa sumu ya vile vidonda vya upele. Haziwezi kutoa maji wala chumvi, kwa hiyo vyote vimebaki mwilini, presha imepanda, na moyo mdogo unasukuma mzigo usio wake. Akasema figo za namna hii mara nyingi huamka zenyewe zikipewa muda. Asichojua ni kama moyo utafika hiyo siku.

"Kazi yetu ni kuushikilia moyo mpaka figo ziamke," alisema. "Nchi za mbali wana mashine ya kusafisha damu. Sisi mashine yetu ni hii: dawa, kitanda, maji kwa kipimo, na chumvi hakuna. Hata chembe."

Nikamtafsiria mama kwa Kisukuma changu kibovu chenye lafudhi ya Kisumbwa. Alisikiliza kwa mdomo nusu wazi. Mwisho aliuliza swali moja tu, "Mtoto anaweza kuwa na presha?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Chumvi hakuna."

Hakujua kusoma, na mimi nilitaka ajue vita inakwendaje. Nikakata kipande cha plasta nyeupe, nikakibandika kando ya bomba la zebaki mahali ambapo presha ya mtoto wa umri ule inapaswa kuwa. Nikamwambia: kila asubuhi nitapuliza, zebaki itapanda, kisha itashuka, na nikisikia moyo unagonga kama mtu anayegonga mlango nitainua kidole. Mlango ukigongwa juu ya plasta, bado tuna kazi. Ukigongwa chini ya plasta, tumeshinda. Alikielewa kile kipande cha plasta kuliko manesi wanafunzi wanavyoelewa vitabu. Wodi nzima ilikielewa. Asubuhi nikichukua kisanduku, mama wote wanaacha walichokuwa wanafanya.

Siku ya tatu akaja baba wa mtoto. Alikuwa kwenye machimbo ya Bugarama, na vumbi la mwamba lilikuwa bado kwenye kope zake. Mtu mpole, mwenye kofia ya pama aliyoivua mlangoni.

"Shikamoo, nesi," alinisalimia, ingawa alinizidi umri. Ndivyo hofu inavyomfanyia mtu. "Nyumbani wazee wanasema mtoto amelogwa. Mwili kujaa maji hivi, wanasema siyo bule. Kuna mganga, wanataka nimlete."

"Ana presha," nikamwambia. "Figo zimevimba."

"Plesha ni ya wazee, nesi. Mtoto ana mawazo gani? Ana deni la nani?"

Wodi ikacheka, na mimi nikataka kumrukia. Daktari ndiye aliyezungumza naye. Hakumbishia habari ya kulogwa. Alimwomba wiki moja. Yule baba alifikiri sana, akizungusha kofia mikononi, akakubali. Wiki moja. Akirudi akamkuta mtoto bado amevimba, atamchukua, na asigombezwe na mtu. Sote tulijua ingekuwa nini. Safari ile ya siku mbili, juani, juu ya baiskeli, na kule mwisho chungu kizima cha maji ya mizizi cha kunywa. Moyo ule usingefika hata Kharumwa.

Tulianza vizuri. Dawa za kushusha presha na za kukojoza zilifanya kazi, na kidole changu kilianza kushuka kuelekea plasta. Halafu kikasimama. Siku iliyofuata kikapanda. Na iliyofuata. Mtoto akarudi kuhema, tukamwekea mito mitatu ili apate kulala amekaa. Ulimi wangu ulianza kuwasha.

Sasa, hospitali zetu wakati ule mgonjwa alipikiwa na ndugu yake. Nyuma ya wodi palikuwa na banda la jiko, mafiga safu nzima, na wauguzaji wakipika na kusengenyana humo tangu asubuhi. Nikajiambia, huyu mama anadanganya. Anamhurumia mtoto anayekataa chakula cha baridi kisicho na ladha, anamtilia chumvi kwa siri. Nilikuwa nimewaona wengi. Mgonjwa haulizwi uji, eti. Basi nikashuka bandani, tumbo langu mbele kama ngao, nikamkuta ameinamia chungu cha nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo pamoja na ugali wa mtama ndiyo yalikuwa chakula chao. Sikumsalimia. Nikachukua furushi lake la vyombo, nikalifungua mbele ya wote.

Ndani ya kitambaa, kilichofungwa mafundo mawili, nikakuta donge jeupe lenye kijivu.

"Chumvi hii hapa!" nilipiga kelele. Nadhani nilisikika mpaka kanisani.

Mama aliinua uso, wala hakushtuka. "Nesi, hiyo si chumvi. Hiyo magadi."

Nikaligusa kwa ulimi. Yalikuwa magadi. Wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Pilipili hajui magadi! Kwao wanalainishaje mboga, kwa kuzigombeza?" Na mimi, niliyekua nikila nsansa na mlenda vilivyopikwa kwa magadi tangu sijaota meno, niliona haya kweli kweli. Kila mtu anajua nsansa bila magadi haiivi, unatafuna kamba. Nikalifunga lile donge kwenye kitambaa chake, mafundo mawili kama nilivyolikuta, nikamrudishia mkononi mwake.

Sikia tena hapo. Nililishika mkononi, nikalionja, nikamrudishia.

Na kwa kuwa sikuwa mtu wa kushindwa, nilimwambia kabla sijaondoka: "Lakini chumvi unatia. Sijui unaficha wapi. Wewe ni mwongo, na uongo wako utamwua mwanao."

Kicheko kilikatika. Mama alisimama na mwiko wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Sijatia chumvi hata chembe. Umeniita mwongo mbele ya watu, na mimi si mwongo."

Nilipanda zangu wodini nikiwa na hakika kabisa. Hasira ina ubaya huo, inafanana sana na hakika.

Asubuhi iliyofuata baada ya kupima, kidole kikiwa juu kuliko jana yake, nilisimama ukumbini nje ya chumba cha dawa. Kiungulia kilikuwa kinaniunguza. Ile mimba ilikuwa ya kiungulia, na dawa yake kwetu inajulikana na kila mwanamke. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni, nikatoa donge langu, nikaanza kulilamba.

Daktari alikuwa anapita. Alisimama. Kwanza alitazama miguu yangu, ambayo wiki zile ilikuwa imejaa mpaka nimepasua viatu pembeni. Kisha akatazama mkono wangu.

"Unakula nini?"

"Magadi tu, Sista. Ya kiungulia."

"Nipe."

Akaingia nalo chumba cha dawa, mimi nyuma yake kama mwizi wa mahindi. Akakata ndimu, akakamua juu ya lile donge. Likachemka povu, linatoa sauti kama mafuta ya moto. Akavuta kopo la ule unga tuliowapa watu wazima kwa asidi ya tumbo, akaweka kidole kwenye jina lake. Sodiamu, lilianza hivyo. Akavuta chupa ya maji ya chumvi ya kumtundikia mgonjwa, akaweka kidole kwenye jina lake. Sodiamu.

"Yule mama wa mtoto," alisema polepole, "anapikia nini mboga?"

Nilisikia joto likinipanda kutoka miguuni mpaka kwenye kofia yangu ya unesi. Miaka mitatu nilisomea unesi. Nilijua sodiamu, niliiandika kwenye mitihani, nilipata alama nzuri. Na nilijua magadi. Lakini sodiamu ilikaa kwenye daftari na magadi yakakaa jikoni kwa mama, na vitu hivi viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu hata siku moja. Tulimwambia yule mama asitie chumvi, naye hakutia chumvi. Kwake chumvi ni ile ya dukani. Kwangu pia! Nyani haoni kundule: nilikuwa nimesimama namwita mwenzangu mwongo, na mfukoni mwangu nina donge kubwa kuliko la kwake.

Mwili wa mtoto haukuwa na habari na majina yetu. Kila siku mchana na jioni ulikuwa unapokea ile ile sodiamu, kijiko kizima ndani ya nsansa.

Daktari alinipima presha pale pale. Ilikuwa imeanza kupanda. Alinikataza magadi, akasema tutazungumza baadaye, na macho yake yakanionyesha mlango.

Nilikwenda bandani nikikimbia, kama unaweza kuita kukimbia ule mwendo wa bata. Wanawake waliponiona wakadhani nimekuja kupekua tena. Mama alikuwa anapepeta karanga. Nikapiga magoti mbele yake, yote mawili, nesi na aproni yake nyeupe kwenye majivu. Bandani hakukuwa na aliyewahi kuona nesi akipiga magoti.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, kwa lugha yake. "Hukudanganya. Mwongo ni mimi. Magadi ni chumvi. Daktari ameyapima sasa hivi, ni chumvi yenye jina lingine, na mimi niliyashika mkononi nikakurudishia."

Aliweka ungo chini. Akafungua furushi, akatoa kile kitambaa, akakaa anakitazama. Nadhani alikuwa anahesabu vyungu vyote alivyompikia mwanawe kwa upendo tangu uvimbe ulipoanza. Kisha alisimama akalivurumisha lile donge juu ya ua, likaangukia huko kwenye michongoma.

"Kumbe ni chumvi," alisema. "Imebadili kanga tu."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Zilibaki siku tatu kabla baba hajarudi. Nsansa ikaachwa. Nikamletea mama majani mabichi ya maboga kutoka bustani ya masista, yanayoiva bila msaada, akayapika kwa karanga za kutwanga na ndimu. Mtoto alikula akikunja uso kama anayekunywa dawa, lakini alikula. Wanawake wa bandani, wale wale walionicheka, walikagua vyungu vyao wenyewe na kulinda chungu cha yule mtoto kama askari wa mahakama. Mmoja aliuliza kama angalau pilipili inaruhusiwa. Mama akajibu bila kunitazama, "Daktari amekataza chumvi. Pilipili hajaikataza, tunayo moja hapa inatutosha." Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao. Kwa mara ya kwanza sikuona fahari kwa jina lile, ila niliona raha.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Nilikwenda nyumbani nikiwa sina raha, nikawa siwezi hata kumgombeza mume wangu. Siku ya pili asubuhi nilimkuta mama mlangoni pa wodi ananingoja na kopo la kupimia mkojo. Lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa mpaka juu, na rangi imepauka, chai imetiwa maji. Kabla sijasema neno aligeuka, akalitembeza kitanda kwa kitanda, amelinyanyua kwa mikono miwili kama padri anavyonyanyua kikombe. Mungu anisamehe kwa mfano huo, lakini ndivyo alivyolinyanyua. Na mama za wagonjwa wengine walisimama kulitazama na kusema, "Hongera! Hongera!" Sijawahi kuona mkojo ukipokewa kwa heshima namna ile, kabla wala baada.

Figo zilikuwa zimeamka. Kidole changu siku hiyo kilisimama upana wa kucha juu ya plasta.

Siku ya tatu baba alikuja mapema, na baiskeli yake, na blanketi la kumfungia mtoto. Aliisimamisha nje dirishani, akaingia, kofia mkononi. Daktari alikuwepo. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, na uso wake ulikuwa umeanza kurudi. Macho yalionekana, macho makubwa mazuri ambayo mimi sikuwahi kuyaona mpaka wiki ile. Alimtazama baba yake, akasema, "Baba, kofia yako chafu."

Yule mtu aliifuta kofia kwa kiganja. Akasema, "Nipimieni nione."

Nikachukua kisanduku. Nikamfunga mtoto ule mkanda wa khaki. Kisha, sijui ni nani aliyenipa akili siku hiyo, nikavua stethoskopu masikioni mwangu, nikamvalisha mama yake.

"Wewe ndiye utakayesikia," nikamwambia. "Mlango ukigongwa, inua kidole."

Nikapuliza. Zebaki ikapanda, ikapita plasta, ikapanda mpaka juu. Nikaanza kuishusha. Wodi ilikuwa kimya, hata watoto wachanga, nadhani mama zao waliwatia titi mdomoni makusudi. Zebaki ikashuka mahali pa siku ya kwanza. Mama hakutikisika. Ikashuka mahali pa siku tuliyogombana. Hakutikisika. Ikafika kwenye plasta. Ikapita plasta. Kidole cha mama kilikuwa bado pajani. Nikaogopa kwamba hasikii, kwamba nimemvalisha vibaya.

Ndipo akainua kidole. Halafu akainua mkono wote.

"Anagonga!" alipiga kelele, kwa sababu mwenye stethoskopu masikioni hujiona yuko peke yake duniani. "Anagonga! Anagonga chini!"

Vigelegele vilipasuka wodini vikatoka dirishani vikafika bandani, na bandani wakavijibu bila kuuliza ni vya nini. Daktari, ambaye nilifanya naye kazi miaka yote ile bila kumwona akicheka meno nje, alicheka. Yule baba alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa kofia yake ya vumbi. Mabega yalikuwa yanatikisika. Baadaye alitoka akalikunja lile blanketi, akalifunga kwenye baiskeli, akarudi Bugarama peke yake.

Mtoto alibaki nasi mpaka mkojo ulipokuwa maji matupu na daktari aliposikiliza moyo wake mara tatu kwa siku tatu bila kusema lolote. Wiki hizo mama yake aligeuka mwalimu wa banda. Kila mgeni aliyefika na furushi alikaguliwa na kuhubiriwa: magadi ni chumvi iliyobadili kanga. Daktari aliliandika hilo neno kwa neno kwenye kadi kubwa, likabandikwa ukutani, na kuanzia hapo mgonjwa yeyote wa presha tulimwuliza maswali mawili badala ya moja. Mkanda wa khaki ulikaa nasi miaka mingi. Mikono iliyopita humo siwezi kuihesabu.

Walirudi baada ya mwaka kama walivyoagizwa. Nilimjua mama kwa mbali, yule mwingine sikumjua. Alikuwa msichana mwembamba mwenye magoti ya kukwaruzika, aliyekuja kutoka getini akikimbia, akafika kwangu bila kuhema. Nilisimama nikamsikiliza anavyopumua, kama mtu anayesikiliza redio. Kabla sijamwambia, aliketi akanyoosha mkono.

Chini ya plasta. Chini, wala si kidogo.

"Wabeja," mama alisema, asante. Kisha akaniuliza, "Na mtoto wako?"

"Mzima. Anatambaa."

"Na magadi?"

"Nimeacha," nikamwambia.

Alinitazama. Ulikuwa ule ule mtazamo niliomtazama nao mimi siku ile bandani, nilitambua vizuri kwamba ni ule ule, na yeye alijua kwamba najua. Akanyoosha kidole kwenye aproni yangu.

"Mfuko," alisema.

Sikugombeza. Niligeuza mfuko wangu nje mbele ya wodi nzima. Zikatoka penseli, kipande cha plasta, na nusu ya ndimu. Akaiokota ile ndimu, akainusa, akairudisha mfukoni mwangu, akaunyoosha mfuko kwa kiganja chake taratibu mpaka ukakaa sawa.

"Haya," akamwambia mwanawe. "Nesi si mwongo."